Wahispania Visiwani Karibi na Meksiko, 1492–1521: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu miaka 30 ya kwanza tu: tangu Christopher Columbus alipong'oa nanga Palos, bandari ya Hispania, hadi Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki huko Meksiko, ulipoanguka. Waingereza wa Virginia, Wafaransa wa Quebec na habari za Pizarro huko Peru tumeziacha nje, kwa sababu karibu kila kilichotokea kwao kilikuwa kimeshajaribiwa Karibi kwanza.

Je, Columbus ndiye aliyegundua Amerika?

Kama kugundua ni kuwa wa kwanza kufika, hapana. Watu walikuwa wakiishi huko zaidi ya miaka 15,000 kabla yake. Hata miongoni mwa Wazungu alitanguliwa na Wanorse, mabaharia wa asili ya Skandinavia, waliotoka Greenland. Pale L'Anse aux Meadows, katika kisiwa cha Newfoundland, zimepatikana mbao zilizokatwa kwa zana za chuma mwaka 1021. Makazi yao hayakudumu, na Ulaya ya kusini haikupata faida yoyote ya habari hiyo.

Columbus alipata kitu kingine: njia ya kwenda na kurudi ambayo nahodha yeyote mwenye akili timamu angeweza kuirudia mwaka uliofuata.

Ni kweli watu wa zama zake waliamini dunia ni bapa?

Si kweli, na ni ajabu hadithi hii bado inasomeshwa. Wasomi wote waliomhoji walijua dunia ni duara. Walichobishania ni ukubwa wake.

Columbus alitumia hesabu ya al-Farghani, mnajimu wa karne ya 9 aliyeandika kwa Kiarabu, kwamba nyuzi moja ya duara la dunia ni maili 56 na theluthi mbili. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri sana: kwa maili ya Kiarabu inatoa takriban kilomita 111, ambayo ndiyo sahihi. Lakini Columbus alizichukulia kuwa ni maili za Kiitalia, ambazo ni fupi. Nyuzi moja ikashuka hadi kilomita 84 hivi, na dunia nzima ikapungua kwa robo. Juu ya hapo akairefusha Asia kuelekea mashariki kupita kiasi. Mwisho wa hesabu, Japani ikawa kama kilomita 4,500 tu kutoka Visiwa vya Kanari. Umbali halisi ni karibu kilomita 20,000.

Wataalamu waliomkatalia Ureno na Hispania walikuwa sahihi. Aliyekosea ni yeye, na angekufa njaa baharini na watu wake wote kama lisingekuwapo bara katikati ambalo hakuna upande uliolitia hesabuni.

Nani alilipia safari ya kwanza? Malkia Isabella aliuza vito vyake?

Hakuuza. Gharama nzima ilikuwa kama milioni 2 za maravedi, sarafu ndogo ya Hispania. Luis de Santángel, mhazini katika jumba la mfalme, alipanga mkopo wa maravedi 1,140,000. Columbus alichangia kama nusu milioni, nazo alizikopa. Mji wa Palos, uliokuwa umetozwa faini na serikali, uliamriwa kutoa merikebu mbili kwa mwaka mmoja bila malipo.

Ili kupata picha ya kiasi hicho: baharia mzoefu alilipwa maravedi 1,000 kwa mwezi, rubani 2,000, na kijana wa kazi ndogondogo 666. Kwa maana hiyo, safari nzima iligharimu mshahara wa baharia mmoja kwa miaka 166. Kwa serikali hizo hazikuwa fedha nyingi.

Jambo la kukumbuka hapa ni mkataba wenyewe, uliotiwa saini Santa Fe tarehe 17 Aprili 1492. Columbus aliahidiwa cheo cha amiri, ugavana wa nchi atakazozipata, na sehemu 1 ya 10 ya faida yote. Tangu siku hiyo kila kisiwa kilikuwa na deni kabla hakijaonekana. Wakopeshaji walingoja, serikali ilingoja, naye alipaswa kuleta dhahabu, iwepo isiwepo. Ukilishika hilo, mengi ya hapo chini yatajieleza.

Walivukaje bahari? Upepo wa Atlantiki uko vipi?

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua kaskazi na kusi: upepo mmoja unaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, msimu ukigeuka upepo wa pili unayarudisha. Njia ni ile ile, kinachobadilika ni mwezi. Atlantiki haiendi hivyo. Kule pepo hazigeuki, zimepangwa kwa tabaka. Kuanzia usawa wa Visiwa vya Kanari kwenda kusini, upepo unavuma kutoka kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima. Ukipanda kaskazini hadi usawa wa Visiwa vya Azori, unakuta pepo zinazotoka magharibi. Kwa hiyo huwezi kurudi ulikopitia. Unakwenda chini na kurudi juu, kama mtu anayezunguka uwanja.

Wareno walikuwa wameshajifunza mzunguko wa namna hii walipokuwa wakirudi kutoka pwani ya Afrika Magharibi, na Columbus alikuwa amesafiri nao. Kwa hiyo hakuondoka Hispania moja kwa moja kuelekea magharibi. Alitoka Palos tarehe 3 Agosti 1492, akashuka hadi Visiwa vya Kanari, akatengeneza vyombo na kujaza maji, kisha akang'oa nanga Gomera tarehe 6 Septemba. Nchi kavu ilionekana tarehe 12 Oktoba, siku ya 36. Wakati wa kurudi, Januari 1493, alipanda kaskazini-mashariki mpaka akazikuta pepo za magharibi, nazo zikampeleka Azori kwa dhoruba kali.

Safari ya pili ilionyesha jinsi somo lilivyoingia: alishuka kusini zaidi kabla ya kukata magharibi, na kutoka Hierro, kisiwa cha Kanari, hadi Dominica, kisiwa cha Karibi, alitumia siku 21 tu.

Waliokosea waliangushwa na msimu. Tufani za Karibi huja kati ya Juni na Novemba. Julai 1502 msafara wa meli kama 30 ulitoka Santo Domingo kwenda Hispania ingawa Columbus aliwaonya kwamba hali ya hewa si njema. Meli zipatazo 20 zilizama na watu wapatao 500, akiwamo Francisco de Bobadilla, yule yule aliyemfunga Columbus minyororo mwaka 1500. Wapo waliosema Columbus kawaroga.

Meli zenyewe zilikuwaje?

Ndogo kuliko watu wanavyodhani. Hakuna mchoro uliobaki, lakini Niña inakadiriwa kuwa haikuzidi mita 20 kwa urefu. Santa María ilikuwa pana na nzito, meli ya mizigo hasa. Pinta na Niña zilikuwa nyepesi. Jumla ya watu ni kama 90, na wengi walilala sitahani popote walipopata nafasi.

Kuna jambo ambalo mtu wa majahazi atalielewa haraka. Niña ilitoka Palos ikiwa na matanga ya pembetatu, yanayofungwa kwenye foromali (boriti ya kushikia tanga) ya kulala mshazari, jamaa ya tanga la jahazi. Tanga hilo ni hodari wa kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo. Lakini kwa majuma ya upepo wa nyuma mtupu linasumbua: foromali ni ndefu na nzito, na tanga likipinduka upande wa pili ghafla linaweza kuvunja mlingoti. Walipofika Kanari, Niña ilibadilishwa ikawekewa matanga ya mraba kama wenzake. Usukani wa Pinta, uliokuwa umechomoka mara mbili njiani, ulitengenezwa hapo hapo.

Adui mkubwa wa meli za mbao katika maji ya joto hakuwa mawimbi. Ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Meli ambayo haikupandishwa pwani mara kwa mara ikakwanguliwa, ikazibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa lami, ililiwa mpaka ikawa kama sega la nyuki. Safari ya nne ya Columbus iliishia hivyo: meli zake mbili za mwisho zilijaa maji, akazipandisha kwenye ufuko wa Jamaika mwaka 1503 na kukaa hapo mwaka mzima akisubiri kuokolewa.

Walijuaje walipo?

Hawakujua kwa hakika. Walikuwa na dira, saa ya mchanga ya nusu saa, na macho. Rubani alitazama povu linavyopita ubavuni, akakisia mwendo, akazidisha kwa muda, akaweka alama kwenye ramani. Kijana aliyesahau kugeuza saa ya mchanga aliipoteza nusu saa hiyo moja kwa moja. Umbali kutoka ikweta uliweza kupimwa kwa kuangalia kimo cha nyota ya kaskazini, ingawa juu ya sitaha inayoyumba kipimo kilikosea sana. Umbali wa mashariki na magharibi haukuwa na kipimo cha kuaminika hadi saa za baharini zilipotengenezwa karne ya 18.

Katikati ya Septemba 1492 marubani walishtuka kuona sindano ya dira haielekei nyota ya kaskazini sawasawa. Ilikuwa ni tofauti ya kawaida ya sumaku ya dunia, lakini wao waliona kama chombo pekee wanachokitegemea kimeanza kuwasaliti. Tarehe 7 Oktoba Columbus aliacha mstari wake na kufuata makundi ya ndege waliokuwa wakiruka kusini-magharibi. Siku tano baadaye waliona ufuko wa Guanahaní, katika visiwa vya Bahama.

Mwenye jicho la kwanza alikuwa baharia wa Pinta anayejulikana kama Rodrigo de Triana. Zawadi ya maravedi 10,000 kila mwaka aliichukua Columbus, akidai kwamba yeye aliona mwanga usiku wake.

Walikula nini? Na mambo yaliharibika wapi?

Biskuti ngumu zilizookwa mara mbili ili zisioze, nyama ya chumvi, samaki wakavu, dengu, mafuta ya zeituni, siki, mvinyo, na maji ya mapipa. Chakula cha moto kilipikwa mara moja kwa siku, sitahani, ndani ya sanduku lenye mchanga chini ya moto. Bahari ikichafuka, moto ulizimwa na watu wakatafuna vikavu.

Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye pipa. Mbao zikiwa mbichi au pete zikilegea, mvinyo na maji huvuja kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, bila mtu kujua. Columbus alilalamika kwamba mvinyo mwingi wa safari ya pili ulipotea kwa mapipa mabovu. Biskuti nazo zikiingiwa na unyevu huota ukungu na kushikwa na wadudu.

Kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na vidonda vya zamani kufunguka kwa kukosa matunda na mboga mbichi, huanza kuonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Kuvuka kwenda Karibi kulichukua majuma matatu hadi matano, kwa hiyo njiani haukuwa tishio kubwa. Watu wa Ferdinand Magellan, waliosafiri kwa niaba ya Hispania, hawakuwa na bahati hiyo: walikaa siku 98 katika Pasifiki kabla ya kufika Guam Machi 1521, wakila ngozi za kwenye milingoti zilizolowekwa siku kadhaa.

Santa María ilizamaje?

Haikuzama na dhoruba. Usiku wa Krismasi 1492, bahari ikiwa shwari, mshika usukani alikwenda kulala na kumwachia kijana usukani kinyume cha amri. Mkondo ukaisukuma meli taratibu hadi juu ya mwamba wa matumbawe, kaskazini mwa Haiti ya leo. Walikata mlingoti mkubwa kuipunguzia uzito, lakini maji yalikuwa yanakupwa na mbao zikafunguka.

Chifu Guacanagarí alituma mitumbwi, na watu wake wakapakua kila kitu bila kupotea hata kipande. Mbao za meli zikajengewa ngome ndogo iliyoitwa La Navidad, wakaachwa watu 39 watafute dhahabu. Columbus aliporudi Novemba 1493 aliikuta imeungua na hakuna aliyebaki hai. Kwa maelezo waliyopewa, wale watu waligombana wao kwa wao, wakawa wanapora dhahabu na wanawake, mpaka chifu mwingine, Caonabó, akawamaliza.

Kwa nini mji wa kwanza, La Isabela, ulikufa haraka?

Safari ya pili ilikuwa na meli 17 na watu kati ya 1,200 na 1,500, pamoja na farasi, ng'ombe, nguruwe, mbegu za ngano na miche ya miwa. La Isabela ilianzishwa Januari 1494. Kufikia 1498 hivi ilikuwa mahame.

Mahali palichaguliwa kwa haraka, watu na wanyama wakiwa wamechoka: bandari iko wazi kwa upepo wa kaskazini na mto wa maji matamu uko mbali kidogo. Watu waliugua ndani ya siku chache. Wengi walikuja kuokota dhahabu, hawakuja kulima, na mabwana wadogo waliona kushika jembe au kusaga unga ni kujidhalilisha. Columbus alipowalazimisha, uasi ukaanza. Meli za vyakula kutoka Hispania zilichelewa.

Uchunguzi wa mifupa ya waliozikwa pale umeonyesha alama za kiseyeye. Yaani watu walikuwa wanakufa kwa kukosa vitamini katikati ya nchi ya mapera na viazi vitamu, kwa sababu waling'ang'ania mkate wa ngano. Bartolomé, mdogo wake Columbus, alihamishia makao Santo Domingo, kusini mwa kisiwa, mwaka 1496.

Wataino walikuwa watu gani? Waliishi kwa nini?

Ndio wenyeji wa visiwa vikubwa vya Karibi. Walikuwa na machifu, viwanja vya mpira, mitumbwi ya gogo moja iliyoweza kubeba makumi ya watu, na kilimo kizuri sana. Chakula chao kikuu kilikuwa muhogo, uliopandwa kwenye matuta ya udongo laini. Matuta hayatuamishi maji, mizizi inanenepa bila shida, na muhogo unaweza kuachwa ardhini ukavunwa kadiri unavyohitajika.

Muhogo wao ulikuwa mchungu, wenye sumu ya sianidi, na namna yao ya kuutengeneza inastahili kuelezwa. Walimenya, wakakwaruza kwenye ubao uliopachikwa vijiwe vikali hadi ukawa machicha, kisha wakayajaza machicha kwenye mfuko mrefu uliosukwa. Fikiria kifumbu cha kukamulia tui, lakini kirefu kama mtu, kimetundikwa juu na kuvutwa kwa uzito chini mpaka maji yote ya sumu yatoke. Unga ulichekechwa na kuokwa juu ya bamba la udongo ukawa mkate bapa, kasabe. Ukikauka vizuri unakaa miezi mingi bila kuharibika. Wahispania waliudharau mwanzoni, halafu ndio ukawa biskuti ya meli zao: misafara ya kwenda Kuba na Meksiko ilibeba kasabe.

Ni magonjwa yaliyowamaliza Wataino?

Nusu ya jibu tu. Ndui ilifika Hispaniola, kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika za leo, mwishoni mwa 1518. Hesabu ya kugawa wafanyakazi iliyofanywa mwaka 1514 ilipata Wataino kama 26,000 tu katika kisiwa ambacho makadirio ya wataalamu ya mwaka 1492 huanzia 100,000 na kupita milioni moja. Yaani watu walikuwa wameshapukutika kabla ndui haijatia mguu. Magonjwa mengine ya homa huenda yalitangulia na safari ya 1493, lakini anayesema "ilikuwa bahati mbaya ya viini" anaruka miaka 25.

Rudi kwenye lile deni. Dhahabu ya kuokota ilipokuwa chache, Columbus alianza mwaka 1495 kutuma watu badala yake: Wataino wapatao 500 walipakiwa kwenda kuuzwa Hispania, na 200 hivi walikufa baharini. Kisha akaweka kodi. Kila mtu mwenye miaka 14 na zaidi katika eneo la Cibao alitakiwa kuleta kila baada ya miezi mitatu vumbi la dhahabu la kujaza kengele ndogo ya mguu wa mwewe, kitu cha ukubwa wa njuga. Kwingineko walidaiwa pamba, kilo 11 na nusu hivi. Aliyelipa alipewa kipande cha madini avae shingoni kama stakabadhi. Dhahabu ya mito ya kisiwa kile haikuweza kutosha, na watu wakakimbilia milimani.

Kodi iliposhindwa, ukaja mfumo wa kugawa watu, encomienda. Mhispania alikabidhiwa chifu pamoja na watu wake; wao wamfanyie kazi, yeye awafundishe dini. Wanaume walipelekwa machimboni kwa miezi mfululizo. Nani basi alifukia matuta ya muhogo? Njaa ikaingia, uzazi ukapungua, na ndui ilipofika ilikuta watu wamekwisha nguvu.

Hakuna aliyepinga?

Wapo. Desemba 1511 padri Antonio de Montesinos alisimama kanisani Santo Domingo akawaambia walowezi kwamba wamo katika dhambi ya mauti. Hatuey, chifu aliyekimbia Hispaniola, aliongoza mapambano Kuba hadi alipochomwa moto mwaka 1512. Enriquillo alishika milima ya Bahoruco kuanzia 1519, na Wahispania walishindwa kumtoa. Mwaka 1533 walikubali kufanya naye mapatano. Sheria za Burgos za 1512 zilijaribu kupunguza ukatili kwenye karatasi.

Bartolomé de las Casas, ambaye mwenyewe alikuwa na watu wa encomienda kabla ya kuwaachia, alipigania Wataino maisha yake yote. Lakini mapema alipendekeza waletwe Waafrika wafanye kazi hiyo, ushauri alioujutia baadaye.

Waafrika walianza kupelekwa lini?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ruhusa ya kwanza ya kupeleka Waafrika Hispaniola ilitolewa mwaka 1501, na mwaka 1518 mfalme Charles alitoa leseni ya kuchukua watu 4,000 moja kwa moja kutoka Afrika. Wakati wa Krismasi 1521 watumwa wa shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Columbus, waliasi, huo ukiwa uasi wa kwanza mkubwa wa watumwa Waafrika unaojulikana Amerika.

Cortés aliwezaje kuiangusha dola ya Waazteki akiwa na watu 500?

Hakuiangusha na watu 500, na hapa ndipo vitabu vingi vya shule hupotosha.

Hernán Cortés aliondoka Kuba Februari 1519 na meli 11, askari wapatao 500 na farasi 16. Gavana wa Kuba, Diego Velázquez, alikuwa ameshaanza kumshuku. Ili asiwe mwasi, Cortés alianzisha "mji" pwani, Veracruz, akateua baraza la mji, na baraza hilo hilo likampa madaraka kwa jina la mfalme. Meli hakuzichoma, kama inavyosimuliwa. Alizipandisha pwani na kuzitoboa, na vyuma, kamba na matanga yakahifadhiwa. Tutaona vilifanya kazi gani.

La pili ni lugha. Gerónimo de Aguilar, Mhispania aliyevunjikiwa meli mwaka 1511, alijua Kimaya. Malintzin, mwanamke kijana aliyetolewa na watu wa Tabasco pamoja na wanawake wengine 19, alijua Kimaya na Kinahuatl. Cortés alisema Kihispania, Aguilar akakipeleka kwenye Kimaya, Malintzin akakipeleka kwenye Kinahuatl. Baada ya muda Malintzin alijifunza Kihispania, na mnyororo ukafupika.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni Tlaxcala. Watu hao walikuwa wamezingirwa na Waazteki miaka mingi, hata chumvi na pamba walikosa. Walipigana na Wahispania kwanza, kisha wakapima na kuona hawa ni silaha nzuri dhidi ya adui wa siku zote. Cortés aliingia Tenochtitlan tarehe 8 Novemba 1519 akiwa na maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala nyuma yake.

Juni 30, 1520 walifukuzwa. Usiku ule mamia ya Wahispania walikufa kwenye barabara za juu ya ziwa, wengine wakizamishwa na dhahabu waliyojifunga mwilini. Farasi na bunduki hazikuwafaa kitu mjini. Walikimbilia Tlaxcala, na kama Tlaxcala ingewafungia mlango, habari ingeishia hapo.

Kisha ndui. Ililetwa na msafara uliofuata kutoka Kuba mwaka 1520, ikafika Tenochtitlan kabla mwaka haujaisha. Mtawala mpya wa Waazteki, Cuitláhuac, alikufa baada ya kutawala siku 80 hivi.

Mji ulikuwa kisiwani, kwa hiyo Cortés alihitaji jeshi la majini mbali na bahari, kwenye uwanda wa juu wa zaidi ya mita 2,200. Fundi Martín López alisimamia ujenzi wa merikebu ndogo 13 huko Tlaxcala, kwa mbao za milima ya hapo na vile vyuma, kamba na matanga ya Veracruz. Zilifunguliwa vipande, wapagazi wa Tlaxcala wakazibeba hadi Texcoco, zikaunganishwa tena na kushushwa ziwani Aprili 1521. Bomba la maji matamu kutoka Chapultepec lilikatwa. Wahispania 900 hivi na makumi ya maelfu ya wapiganaji wenyeji waliuzingira mji kwa siku 75, kwa hesabu ya Cortés mwenyewe, wakibomoa nyumba na kufukia mifereji hatua kwa hatua. Cuauhtémoc, aliyetawala baada ya Cuitláhuac, alikamatwa tarehe 13 Agosti 1521.

Watu wa Tlaxcala walijiona washindi, na kwa muda walikuwa na haki ya kuona hivyo.

Mambo haya yanahusiana vipi na pwani ya Waswahili?

Kwa mkataba wa Tordesillas wa tarehe 7 Juni 1494, Hispania na Ureno zilichora mstari ligi 370 (ligi ni kipimo cha zamani cha masafa) magharibi ya Visiwa vya Cape Verde. Magharibi ni ya Hispania, mashariki ya Ureno. Kilwa, Mombasa na Malindi ziliangukia "upande wa Ureno" na wenyewe hawana habari. Ndiyo maana huku walikuja Wareno.

Kuna msafara mmoja uliozigusa pande zote mbili. Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon Machi 1500 na meli 13, akazunguka mbali magharibi kutafuta upepo, na tarehe 22 Aprili akaiona Brazil. Alikaa siku chache, akaendelea. Dhoruba ilimzamishia meli nne kabla ya kuivuka ncha ya kusini ya Afrika. Mwishoni mwa Julai mwaka huo huo alitia nanga Kilwa, mazungumzo yakashindikana, akaenda Malindi kuchukua rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi.

Ni mazao gani ya Amerika tunayoyaona kuwa ya kwetu?

Mahindi, muhogo, karanga, viazi vitamu, nyanya, pilipili, nanasi, papai, mapera, korosho, parachichi, tumbaku. Jina la mahindi linaonyesha kwamba watu wa pwani waliyahusisha na India. Nanasi na kanju (tunda la mkorosho) ni maneno ya Kitupi cha Brazil yaliyopitia kinywani mwa Wareno. Reale, jina la fedha iliyotumika Zanzibar, chimbuko lake ni real ya Hispania, sarafu iliyofuliwa kwa wingi kwa fedha ya machimbo ya Meksiko na ya Potosí, Bolivia ya leo. Ndizi na miwa zilikwenda kinyume chake: miwa mwaka 1493, migomba mwaka 1516 kutoka Visiwa vya Kanari.

Muhogo ulisafiri peke yake. Ule mfuko wa kukamulia haukuja nao. Afrika ilibuni njia zake za kuondoa sumu: kuloweka, kuvundika, kuanika. Njia hizo zikifupishwa wakati wa njaa, hutokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao umeripotiwa Kongo, Msumbiji na Tanzania.

Mbona baadhi ya tarehe hazilingani kitabu hadi kitabu?

Kalenda ya sasa ilianza kutumika mwaka 1582. Tarehe zote za hapa ni za kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 9 mwaka 1492 na siku 10 kuanzia mwaka 1500. Kwa kalenda yetu Columbus alifika Guanahaní tarehe 21 Oktoba. Shajara yake ya asili nayo imepotea; kilichobaki ni muhtasari ulioandikwa na Las Casas, na hapo ndipo waandishi hutofautiana kwa siku moja moja.